Neno Hili Lina Maana Gani? Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Jioni tatu kila wiki huwa tunakaa kibarazani Sinza, mimi na wanafunzi wangu, tunasoma Kiswahili. Wapo wa kidato cha nne, wapo makarani wanaotaka kuandika barua zisizorudishwa na mabosi, na yupo fundi cherehani mmoja asiye na mtihani wowote mbele yake, anapenda tu kusoma. Kabla ya kufundisha nilikuwa msahihishaji wa prufu, kazi inayomfanya mtu ayatilie shaka hata maneno aliyozaliwa nayo. Maswali ya kibarazani ni yaleyale kila muhula, ila sura hubadilika. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili anayekuja wiki ya nne asinianzishe upya.

Nikikutana na neno nisilolijua, nikimbilie kamusi?

Usikimbie. Maliza sentensi kwanza, ikibidi maliza aya. Mara nyingi mwandishi ameshakuachia maana hatua mbili mbele, wewe umesimama mlangoni unapiga hodi.

Chukua sentensi hii: "Bwana yule alikuwa mkono wa birika; hata njiti za kiberiti alizihesabu kila jioni." Huenda hujawahi kusikia "mkono wa birika", lakini mtu anayehesabu njiti za kiberiti unamjua, labda umepanga kwake. Ni mchoyo. Kisha ukilitazama birika lenyewe, mkono wake umejikunja kurudi kwenye mwili, hauendi kwa mtu. Picha imekubaliana na kisio lako.

Yapo maneno madogo yanayofanya kazi ya mshenga. "Yaani", "au", "ndiyo kusema" yanakuletea maana ya neno lililotangulia. "Lakini", "bali", "ilhali" yanakuletea kinyume chake, na ukijua kinyume umeshajua nusu. Orodha nayo husaidia: ukisoma "sufuria, mwiko, kifumbu na upawa", hata kama upawa hujauona, umekaa jikoni na wenzake, hauwezi kuwa jina la samaki. (Ni kata ya kuchotea mchuzi, ya kifuu cha nazi.)

Ukishakisia, weka kisio lako mahali pa neno na uisome sentensi upya kwa sauti. Ikikwama, kisio limekwama.

Mbona wewe husema "tazama hii na huyu" kabla ya kitu kingine chochote?

Kwa sababu Kiswahili kina kidokezo ambacho lugha nyingi hazina, nasi tunapita juu yake kama matuta ya barabarani. Ni upatanisho wa kisarufi. Nomino yenyewe inaweza kuficha maana, lakini viambishi vya maneno yanayoifuata huitoboa siri.

"Mbuzi huyu ameharibika" na "mbuzi hii imeharibika" ni habari mbili tofauti kabisa. Wa kwanza ana miguu minne. Ya pili ni ya kukunia nazi, na mama anataka mpya kabla ya Ijumaa. "Kifaru yule" yuko mbugani; "kifaru kile" ni cha jeshi. "Paa wamekimbia" ni wanyama, "mapaa yameezuliwa" ni upepo wa masika. "Kaa huyu" utampata soko la samaki Feri, "kaa hili" utalipata kwenye jiko la mkaa. "Tai wangu", kama unafuga ndege, sawa. "Tai yangu" inavaliwa shingoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "ua". Ua hili, maua haya: la kunusa. Ua huu, nyua hizi: uwanja uliozungushiwa wigo nyuma ya nyumba. Na "kuua" nako kupo, kwa hiyo neno lenye herufi mbili tu limebeba bustani, nyumba na jinai. Hakuna msomaji anayechanganyikiwa, maana viambishi vimeshamwelekeza kabla hajajua kuwa ameelekezwa.

Tatizo la mjini ni kwamba tumelegeza upatanisho. Mtu anasema "ng'ombe hii", "mbuzi yangu imezaa", na kidokezo kinakufa hapo hapo. Sisemi haya kwa ajili ya kuringa na sarufi. Nasema kwa sababu ni taa, na tunaizima wenyewe.

Kwa hiyo upatanisho unatosha?

Hapana. Mwiko wa kusongea ugali ni "mwiko huu", na mwiko wa mila ni "mwiko huu" pia. Wingi wote ni "miiko". Hapo viambishi vinanyamaza na inabidi utazame kitenzi: mwiko unashikwa, unaoshwa, au unavunjwa? Ajabu ni kwamba yote miwili huvunjwa, na nimewahi kuona sentensi ya mwanafunzi, "Bibi alikasirika kwa kuwa mwiko ulivunjwa", tukabishana robo saa nzima. Ilibidi tusome aya iliyofuata.

"Kata" vilevile. Kata hii ina diwani, kata hii inachotea maji mtungini.

"Shinda" ndiyo inayowatesa wageni wa pwani. "Ameshinda nyumbani" si kwamba kulikuwa na mashindano. Amekaa humo tangu asubuhi. Ukiona mahali mara baada ya "shinda", fikiria muda. Ukiona mtu au timu, fikiria ushindi.

Na "barabara"?

Hiyo ni ya sikio. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na barabara ya kupita magari inaufuata. Lakini "umesema barabara", kwa maana ya sawasawa, mkazo unasogea nyuma silabi moja. Kwenye maandishi hakuna alama, kwa hiyo rudi kwenye swali la kwanza.

Muktadha ni sentensi tu, au kuna zaidi?

Kuna aliyesema, aliyeambiwa, mahali na mwaka. Kamusi itakwambia kuwajibika ni kutekeleza wajibu au kubeba dhamana ya jambo. Lakini gazeti la Dar likiandika "Waziri awajibike", kila abiria wa daladala anaelewa kuwa anatakiwa aachie ngazi. Maana hiyo imelelewa na historia: miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa makosa ya watu waliokuwa chini ya wizara yake, na hadi leo watu wakidai uwajibikaji hutolewa mfano wa tukio hilo. Msomaji asiyeijua habari hiyo atadhani Waziri anaombwa afanye kazi kwa bidii.

Khanga ndiyo shule kubwa ya jambo hili. Khanga iliyoandikwa "Wema hauozi", binti akimpa mama yake, ni shukrani. Jirani uliyemkopa akiivaa na kupita mbele ya mlango wako mara tatu asubuhi moja, hiyo si shukrani, ni hati ya madai. Maandishi hayajabadilika hata nukta.

Nikilivunja neno vipandevipande naweza kupata maana yake?

Mara nyingi, ndiyo. Ondoa kiambishi cha mbele, ondoa mnyambuliko wa nyuma, uone mzizi. Ukijua kukaanga, kikaango hakikusumbui. Ukijua funika, kifuniko umeshakijua. Ki- mbele na -o nyuma mara nyingi ni chombo. M- na -aji ni mtenda anayekifanya kitendo kwa kawaida.

Lakini kuna herufi moja inayojificha, na hii haifundishwi vya kutosha. Ni l. Zamani vitenzi kama zaa, kaa, twaa, pokea na fungua vilikuwa na l kabla ya irabu ya mwisho. Ikadondoka. Haikwenda mbali: ukinyambua, inarudi. Zaa inakuwa zaliwa, zalisha. Pokea inakuwa pokelewa, fungua inakuwa funguliwa. Ukiijua siri hii, "uzalishaji" wa kiwandani hauonekani tena neno la wachumi. Ni mtoto wa zaa, ndugu yake mzazi, kizazi, uzao na mazao ya shambani. Na kaa? Mkazi, makazi, kalia, na, samahanini, makalio. Darasa hucheka hapo, lakini hawasahau tena.

Neno likianza na ma-, ni wingi?

Si lazima. Mahakama, maktaba na madrasa ni umoja. Ma- hiyo ni ya Kiarabu, nako mara nyingi huonyesha mahali pa kutendea jambo: pa kuhukumia, pa vitabu, pa kusomea darasa. Ma- yetu ya mawe na maembe ni nyingine kabisa, zimefanana sura tu.

Kiswahili chenyewe hujichanganya, tena kwa faida. Kitabu kimetoka Kiarabu na ki yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Tukaisikia kama ki- ya kiti na kisu, tukatengeneza vitabu. Msikiti umekuwa na misikiti, kiberiti kimekuwa na viberiti. Waingereza walipoweka ubao wa kuwaambia madereva washike kushoto kwenye mzunguko, tukapata kipilefti, na viwili ni vipilefti. Gereji za Gerezani utasikia madigadi. Likiwa moja ni digadi, ma- imekatwa kana kwamba ilikuwa yetu tangu zamani.

Mizizi ya Kiarabu inasaidia vipi mtu asiyejua Kiarabu?

Huhitaji kukijua. Unahitaji kusikiliza konsonanti tatu. Kiarabu hujenga maneno kwa kuziacha konsonanti na kubadilisha irabu zinazozizunguka, na Kiswahili kilipokopa, kilikopa ukoo mzima.

Anza na jina la mji huu, Dar es Salaam. S, l, m: salama, salamu, salimu, salimika, jisalimisha, Uislamu. Chini yake kote kuna wazo la amani na usalama. K, t, b: kitabu, katibu, maktaba, katiba, mkataba. Kote kuna kuandika. H, k, m: hukumu, hakimu, mahakama, hekima. K, r, m: karimu, ukarimu, karama, na takrima, lile neno la zawadi za wagombea wakati wa uchaguzi ambalo Mahakama Kuu ililibatilisha kwenye sheria mwaka 2006. Aliyejua ukarimu alijua mara moja takrima ilijifanya nini.

Ukoo mkubwa zaidi shuleni ni wa elimu: mwalimu, mtaalamu, taaluma, maalumu, ulamaa, hata alama. Hapa ndipo ninapoweka mtego. Nauliza, "Na mtaala?" Darasa zima linaitikia ndiyo. Siyo. Mtaala umetoka kwenye neno la Kiarabu la kudurusu, kusoma kwa kuchungua, lenye mzizi mwingine kabisa. M yake si ile ya elimu. Umeketi na ukoo huo shuleni miaka mingi hadi umefanana nao, kama mpangaji anayeitwa kwa jina la mwenye nyumba.

Nitajuaje neno limetoka wapi?

Sauti hutoa dokezo la kwanza. Dh, th, gh na kh, kama katika dhambi, thamani, ghali na kheri, zinaelekeza Arabuni. Konsonanti mbili zikigongana bila irabu kati yake, kama labda, daftari au skrubu, jua neno ni la kuja, kwa sababu silabi za Kibantu hupenda kuishia na irabu. Ng' ya ng'ombe na ng'ambo ni ya nyumbani.

Dokezo la pili ni kazi ya neno. Kila mgeni aliacha alichokuja nacho. Wareno waliacha meza, bendera, leso, foronya, mvinyo na karata. Ukitazama orodha hiyo unakiona chumba cha nahodha kama kilivyokuwa. Bara Hindi kulitupa gari, bima, laki, chapati na bepari, ambaye kwao alikuwa mfanyabiashara wa kawaida kabla siasa zetu hazijamfanya jitu. Uajemi ulitupa bandari na serikali, ambayo ukiipasua ni "kichwa" na "kazi". Uturuki ulitupa afande, kwao "bwana", na balozi, ambaye kabla hajapewa nyumba kumi za kuangalia alikuwa mwakilishi wa Venice. Wajerumani waliacha shule. Manowari, ambayo inasikika kama neno la kale la mabaharia wetu, ni Kiingereza kilichoiva.

Tusizisahau lugha za hapa hapa. Ikulu ni makao ya mtemi kwa Kinyamwezi. Kung'atuka Mwalimu Nyerere alikuja nako kutoka Kizanaki, na alipoachia urais mwaka 1985 nchi nzima ikajifunza neno hilo kwa siku moja.

Hela, pesa na fedha, kuna tofauti?

Mfukoni hakuna. Kwenye historia na kwenye adabu, ipo.

Fedha ni Kiarabu, madini yale meupe yaliyofuliwa sarafu. Ndiyo maana mshindi wa pili hupewa medali ya fedha na hakuna anayeuliza ni shilingi ngapi. Pesa ni paisa ya Kihindi. Wajerumani walipotawala hapa, rupia moja ilikuwa na pesa 64, hadi mwaka 1904 walipobadilisha na kuigawa rupia kwa Heller 100. Heller hiyo ndiyo hela yetu. Utawala ukaondoka, sarafu ikatoweka, jina likabaki mdomoni kwa Watanzania. Mkenya husema pesa. Ukisikia "sina hela", uko upande wetu wa mpaka. Shilingi ililetwa na Waingereza, nayo ikawa ya kwetu rasmi mwaka 1966 Benki Kuu ilipoanza kazi.

Sasa utazame muktadha unavyopanga: kuna Waziri wa Fedha, hakuna Waziri wa Hela. Tunatoa pesa kwa simu. Mtu akikukopa husema hela, maana fedha inasikika kama atakusainisha. Maneno matatu, kitu kimoja, milango mitatu tofauti ya kuingilia.

Je, maana ya asili ndiyo maana sahihi?

Hili ndilo swali ninalolisubiri, na jibu langu ni hapana kubwa. Asili ni shahidi. Hakimu ni matumizi.

Gereza kwa Kireno lilikuwa igreja, kanisa. Wareno walijenga ngome pwani, Fort Jesus ya Mombasa ikianza mwaka 1593, na ndani ya ngome wakaweka kanisa. Karne zikapita, ngome zikabadilisha wenyewe, Fort Jesus ikafanywa jela chini ya Waingereza kuanzia 1895. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ilipitia safari ya namna hiyo, kanisa kisha jela. Neno lilikaa palepale, kilichobadilika ni wakazi. Sasa mtu aniambie "maana halisi ya gereza ni kanisa", nitamwomba aende Keko akasali.

Fisadi ni mfano wa karibu zaidi. Wazazi wetu walipomwita mtu fisadi walimaanisha mharibifu, hasa wa wake na mabinti za watu. Mizani imehama mbele ya macho yetu: leo fisadi anaiba mabilioni na tabia zake za nyumbani hazihusiki. Mzizi wa Kiarabu wa kuharibu umebaki, kilichoharibiwa ndicho kimebadilika. Kwa hiyo ukisoma riwaya ya miaka ya 1970 na ukakuta fisadi, usitafute akaunti ya benki.

Asili ina kazi yake. Hukukumbusha neno, hukuonyesha ndugu zake, hukuzuia usikisie upuuzi. Mwisho wa yote unarudi kwenye sentensi iliyo mbele yako.

Kwa nini wiki ina "tano" mbili?

Umeona vizuri. Jumatano ni ya tano tukihesabu kutoka Jumamosi, ambayo ni mosi. Alhamisi nayo ni "ya tano" kwa Kiarabu, ila wao wanaanza Jumapili. Tumekaa na kalenda mbili ndani ya wiki moja na hakuna aliyekosa kazini kwa sababu hiyo. Tarakimu zetu pia ni mchanganyiko: sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Tisa yetu ya zamani ilikuwa kenda, na saba imebaki kwenye fungate, zile siku saba za maharusi ambazo siku hizi zina tiketi ya boti ya Zanzibar.

Majina ya mitaa ya Dar yana maana?

Yapo yanayojisema yenyewe ukiitambua -ni ya mahali. Kivukoni ni penye kivuko. Mikocheni ni penye mikoche, ile mitende ya mwituni. Mabibo ni matunda ya mkorosho, kile kinono kinachobeba korosho chini yake. Mnazi Mmoja hauhitaji mwalimu.

Kariakoo ndiyo nzuri kuliko yote. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na eneo lile likawa la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wapagazi walikuwa Waafrika, kwa maelfu, wakibeba mizigo ya jeshi kwa vichwa. Kikosi kikavunjwa, jina likakatwakatwa na ndimi zetu likawa Kariakoo. Nairobi wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Kila ninapomwona kuli na gunia kichwani pale Mtaa wa Mkunguni, naona jina halijapotea njia.

Kuwa macho na hadithi tamu mno. Utaambiwa Msasani imetokana na mtu aliyeitwa Musa Hassani. Huenda. Lakini msasa ni mti wenye majani makwaruzo ya kusugulia mbao, na -ni imekaa mahali pake pa kawaida. Mimi naenda na mti. Utaambiwa machinga ni Kiingereza cha vijana wanaotembea. Wamachinga ni watu wa Lindi, kabila kamili, na kwamba vijana wa kusini waliotembeza bidhaa mjini waliitwa kwa jina la kwao kunahitaji mruko mfupi zaidi. Maelezo yanayohitaji neno la Kiingereza kuvunjwa vipande vitatu wakati la Kibantu lipo zima mezani, yaache kwanza.

Jina la mji lenyewe lina maelezo mawili. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, aliuita ama Dar, makao ya amani, ama Bandar, bandari ya amani. Ukitazama ramani, yote mawili yana haki.

Na maneno ya mtaani, yanafuata kanuni hizihizi?

Tena kwa usafi kuliko ya vitabuni, kwa kuwa yamezaliwa juzi na wazazi wako hai. Konda amekatwa kutoka kondakta. Deiwaka ni kibarua wa siku anayeshika usukani wa daladala mwenye gari akipumzika. Litamke polepole utakisikia Kiingereza. Daladala lenyewe, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni dala, sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli, jina la dola likiwa limeshuka cheo. Bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Busia, Kenya na Uganda, boda hadi boda. Mama ntilie ni sentensi nzima: mama, nitilie. Ukiwa na njaa hulihitaji hata kulivunja.

Noti ya shilingi 10,000 kuitwa msimbazi inahitaji muktadha wa mpira: ni nyekundu, na Wekundu wa Msimbazi ni Simba. Mgeni asiyejua ligi yetu angepekua kamusi mpaka alfajiri.

Chakachua nayo imetembea haraka. Ilianza kwenye mafuta ya magari yaliyochanganywa na mafuta ya taa, ikaingia kwenye kura, sasa hata maziwa na vyeti huchakachuliwa. Kila mara wazo ni lilelile, kuchanganya kitu safi na kichafu kisha ukiuze kama safi.

Kwenye mtihani niliandika maana ya kamusi nikakosa. Kwa nini?

Soma maagizo: "kama yalivyotumika katika habari". Maneno hayo manne ndiyo yenye maksi. Kama habari inasema kijiji kilimpa mzee "pango la bure", nawe ukaandika shimo la mlimani, kamusi itakutetea na msahihishaji atakukata. Mzee amesamehewa kodi ya nyumba. Jibu kwa neno au kifungu kinachoweza kukaa mahali pa neno lenyewe bila kuvunja sentensi, na likiwa kitenzi, jibu kwa kitenzi.

Kamusi ipi niamini, na zikitofautiana?

Kwa Kiswahili cha leo, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981 na imesahihishwa tangu hapo, na za BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa. Ukisoma mashairi ya zamani au barua za kale, utakuta maana zilizokufa, na hapo kamusi ya mmisionari Krapf ya 1882 inasaidia, ila yeye alikuwa anasikiliza Mombasa, siyo Unguja. Zikitofautiana, tazama mwaka na mahali zilipokusanywa. Kisha rudi, mara nyingine tena, kwenye sentensi. Na nyuma ya vitabu vya fasihi angalia sehemu iitwayo sherehe. Si karamu, ni ufafanuzi wa maneno magumu, na hiyo ndiyo maana ya asili yake ya Kiarabu.

Kuna wakati sitakiwi kukisia kabisa?

Mkataba, hati ya mahakama na dawa. Hapo uliza.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akimwuguza bibi yake. Boksi la dawa liliandikwa "kutwa mara tatu". Akatumia akili yote niliyomfundisha: kuna kucha, jua kuchomoza, ndiyo usiku kucha, kuna kuchwa au kutwa, jua kuzama, ndiyo mchana kutwa, na shule ya kutwa ni ile unayorudi nyumbani jioni. Akahitimisha kuwa dawa ni ya mchana tu. Bibi akapewa saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni, usiku akaachwa bila kitu. Kwa asili ya neno hakukosea hata kidogo. Mfamasia alipomsikia alimweleza kwamba dozi ile ni ya saa ishirini na nne, kila baada ya saa nane.

Siku hizi mwanafunzi huyo huchukua kalamu na kuandika mwenyewe juu ya boksi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.